Miwani Iliyonikana Ukweni

Zamani, enzi za wakimbizi, niliuza mbuzi kambini Benaco kwa kuwasifia tu. Sasa macho yamefifia, mdomo umebaki, ndiyo maana mpwa wangu akanifanya mshenga wake kwa wazazi wa binti, kijijini Mabawe. Nilivaa miwani ya akili mnemba, ile inayoninong'oneza sikioni kilicho mbele yangu. Lakini mikono yangu haitulii, nikawa naibonyezabonyeza.

Mpwa wangu akaleta ng'ombe wa mahari uani. Nikasema, "Mzee mwenzangu, ona walivyonona."

Kumbe nilishabonyeza kipaza sauti; miwani ikatangaza kwa sauti kubwa: "Ng'ombe wamekonda. Mmoja anachechemea."

Baba wa binti akasema, "Tuachieni hiyo miwani tuzungumze nayo. Wewe mzee kapumzike."

Nikaivua, nikamkabidhi mpwa wangu, nikapapasa njia kwa fimbo. Mabawe sijakanyaga tena.