Mvua Iliyopimwa Hemani

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwazungukia watu waliopima mvua kwa niaba ya ofisi yetu ya Eldoret. Hawakuwa wataalamu. Walikuwa walimu wa shule za msingi, karani wa ghala la mahindi kule Moi's Bridge, mtawa mmoja, na wakulima. Kazi yenyewe ni rahisi, na bado napenda kuieleza. Chombo cha shaba kimefukiwa ardhini, mdomo wake ukitazama juu. Kila siku saa tatu asubuhi unakifungua, unamimina maji yaliyomo kwenye glasi yenye mistari, unasoma mstari, unaandika. Kama hakuna maji, andika sufuri. Kama hukupima, acha wazi.

Hilo la mwisho sikumweleza vizuri mama mmoja wa karibu na Burnt Forest, na linaniuma mpaka leo.

Alikuwa mjane mwenye ng'ombe watatu na shamba la viazi. Mwezi wake wa kwanza aliacha siku tatu wazi kwa sababu alikwenda mazishini. Nilikuwa bado kijana, na nilikuwa na kalamu nyekundu. Nikazizungushia zile siku tatu.

"Mama, kitabu chenye mashimo hakisaidii mtu. Usiniachie siku hata moja."

"Hata nikifa, mwalimu?"

"Hata ukifa. Tuma mtu."

Tulicheka sana. Tangu hapo hakukosa siku. Penye nafasi ya maelezo, ambapo wenzake hawakuandika chochote, yeye aliandika: "Mvua ya mawe, viazi vimelala." "Umande tu, usidanganyike." Nilikuwa nikifika kwake naanza kusoma hapo kabla ya kusoma mvua.

Ukaja mwaka wa vurugu baada ya uchaguzi. Alikimbia na majirani hadi Eldoret, akaishi hemani kwenye uwanja wa maonyesho mpaka msimu wa kupanda ukapita. Aliporudi nyumbani nilimpelekea chombo kipya, maana cha zamani kilikuwa kimeng'olewa. Sikumwuliza habari za kitabu. Nilidhani si wakati wake.

Miaka ikapita. Ofisi ikaanza kuingiza vitabu vya zamani kwenye kompyuta, nami nikaazima chake. Nilipofika ile miezi ya vurugu nikashangaa: hakuna hata siku moja iliyo wazi. Na Aprili yake ilifanana na Aprili ya Eldoret, siku kwa siku. Hilo haliwezekani. Burnt Forest iko juu zaidi, ina baridi zaidi, na mara nyingi kunanyesha huku na huko kukavu.

Nikamwendea. Nilimkuta akichagua viazi vya mbegu.

"Mama, hii miezi ulipimia wapi?"

"Si ni kwa hema! Ningepimia wapi kwingine?"

"Na chombo?"

"Chombo kilibaki. Glasi ndiyo nilibeba, nimeifunga na sweta. Watu wanabeba magodoro, mimi nabeba glasi ya serikali!" Akacheka mpaka akaweka kiazi chini. "Nikatafuta mkebe wa mafuta ya kupikia, mdomo sawa na ile chombo. Nilipima na mkono, shubiri kamili. Nikaweka nje ya hema. Watoto wakigusa, nawafukuza. Wakaniita Mama Mkebe."

"Vizuri sana, Mama," nikasema.

Hayo tu. Nikanywa chai yake, nikaondoka, na kabla sijafika barabara kuu nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba namba zile haziingii. Mvua ya mahali pamoja haiandikwi kwa jina la mahali pengine. Kwenye kompyuta nikaiacha miezi ile wazi, nikamrudishia kitabu, na sikumwambia.

Baadaye tuliwaita wapimaji wote mjini ili waone kazi yao ilipofikia. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuonyeshwa chochote. Alikuwepo pia mgeni anayepima barafu na theluji ya Mlima Kenya. Alieleza vizuri, polepole: wanatoboa barafu, wanasimamisha vijiti, kisha wanarudi mwaka hadi mwaka kuona kila kijiti kimetokeza kiasi gani. Kikitokeza zaidi, barafu imepungua. Mchoro wake ulikuwa na pengo katikati. "Hapa vijiti vyetu vilianguka," akasema, "barafu iliyovishika iliyeyuka." Watu wakaitikia kwa vichwa.

Ikafika zamu yangu. Nikaonyesha michoro ya vituo, na wa Mama ulikuwa mrefu kuliko yote. Nilitaka wamsifu. Alikuwa ameketi mbele, amevaa gauni la kanisani. Akasimama.

"Mwalimu, hapo katikati mbona hakuna kitu?"

"Hapo, Mama, ni... hakuna takwimu."

"Hakuna? Mimi nilikuwa wapi?"

Nikaanza kueleza habari za kituo, mwinuko na kipenyo cha mkebe. Kila neno nililosema lilikuwa kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mgeni.

"Vijiti vya huyu vilianguka. Mimi sikuanguka."

Akaketi. Mtu mmoja nyuma alicheka, akaona hakuna mwenzake, akaacha.

Wakati wa chai yule mgeni alinivuta kando akaniuliza kuhusu mkebe. Nilipomweleza, akashangaa. "Mbona hukuifanya ile hema kituo kipya? Andika mahali, andika kwamba ni mkebe, andika upana wake. Ni mvua iliyopimwa. Ila tu haikuwa ya Burnt Forest."

Mimi ndiye niliyewafundisha wengine mambo haya. Nilikuwa na njia mbili akilini, kuiweka miezi ile au kuitupa, na ile ya tatu, ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeiona, sikuiona. Au labda niliogopa kurudi kueleza, nikauita woga huo sayansi.

Nikaenda kwake wiki ile ile. Alinikaribisha vizuri, hata kiti alikipangusa. Nikamwomba radhi kwa ya ukumbini, nikamweleza habari ya kituo cha hemani, nikamwomba kitabu. Sikuwa nimenakili hata ukurasa mmoja wa miezi ile.

Akakileta. Katikati ya kitabu karatasi zilikuwa zimechanwa, na ukingo wake ulikuwa bado mweupe.

"Ulisema hakuna," akasema, bila hasira. "Nikawashia jiko. Karatasi ya zamani inashika moto haraka."

Nilikaa na kitabu mapajani. Nikamwuliza, kama mtu anayetafuta sarafu gizani, iwapo anakumbuka siku yoyote.

"Ile siku hema ziliingia maji, hiyo nakumbuka. Glasi ilijaa mara nne na kitu kidogo. Nilipima nikiwa nimesimama kwa matope mpaka hapa, na mama mmoja ananiambia, wacha mchezo, saidia watu kuinua watoto. Nikapima kwanza."

"Ilikuwa tarehe ngapi, Mama?"

Akafikiri. Alinitazama kwa huruma, kama mimi ndiye niliyepoteza kitu.

"Hiyo niliandika," akasema.

Nilitoa daftari langu nikaandika: glasi nne na kidogo, hemani, tarehe haijulikani. Nilijua haitaingia popote, maana mvua inayokumbukwa si mvua iliyopimwa, na hilo pia nimewafundisha watu. Akaniangalia nikiandika. Kisha akaniambia nisogeze kiti, ng'ombe wanarudi.