Biskuti Zilizolowekwa Kama Vigae

Treni ilikuwa imechelewa saa mbili, nami nikatokea mlango usio wangu, kwa hiyo niliizunguka stesheni nzima nikiburuta sanduku lenye gurudumu bovu kabla ya kuipata barabara niliyoandikiwa. Baridi ilikuwa inaaga. Watu walitembea makoti yakiwa mkononi, madirisha yalikuwa wazi, na kwenye vibaraza mazulia yalikuwa yanapigwa vumbi la miezi mingi. Ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto, ilisema karatasi yangu. Mlango haukuwa umefungwa. Nilipiga hodi mara ya tatu ndipo sauti ya mwanamke ikajibu kutoka jikoni.

"Karibu, lakini usikanyage katikati. Pita ukutani."

Nikapita ukutani. Jikoni nilimkuta mwanamke wa miaka hamsini na kitu amepiga magoti mbele ya friji, kichwa na bega vikiwa ndani. Juu ya rafu, kati ya nyanya na chupa ya maziwa, alikuwa ameweka pima maji, ile rula ya mafundi yenye kichupa cha kioo, na alikuwa anakitazama kipovu cha hewa kikijitafutia katikati.

"Inainamia kushoto," alisema. "Miaka kumi na moja tunakula vitu vilivyoinama na hakuna aliyejua."

Nimepanga vyumba katika miji mingi, na nimezoea kwamba swali la kwanza la mpangaji huwa ni la ufunguo au la maji ya moto. Mimi niliuliza kwa nini rafu ya friji inatakiwa inyooke.

"Kwa sababu kesho kuna keki."

"Na pale katikati ya sebule pana nini?"

Alitoa kichwa, akaitazama sebule kama vile naye anajiuliza. "Hapana kitu. Ni mazoea tu."

Ndivyo nilivyojua kazi yake. Kwa miaka thelathini alikuwa ametandika vigae kwenye sakafu za watu, na kwa miaka thelathini alikuwa amewaambia watu wapite ukutani. Majirani walimwita Fundi, watu wa duka la chini walimwita Fundi, hata mumewe alimwita Fundi. Mumewe huyo, dereva wa lori aliyestaafu, alinipokea sanduku na kunipa maelekezo ya nyumba kwa sentensi moja: "Huyu muite Fundi, mimi niite shemeji, na chai usiulize, jimiminie."

Fundi aliposhuka dukani kuongeza krimu, shemeji alinieleza habari ya keki. Kila mwaka, mwanzo wa majira ya kuchipua, ukoo mzima hukutana kwa mapumziko, na mjomba mmoja hugawa kazi kwa orodha. Mtu wa nyama, mtu wa mkate, mtu wa saladi. Kwa miaka yote Fundi alikuwa mtu wa sahani za karatasi, kwa kuwa hajui kupika na hajawahi kujifanya anajua. Mwaka huu mjomba aliandika jina lake mbele ya keki ya mama yao, ile ya matabaka, isiyoingia kwenye jiko, inayoshikana yenyewe ndani ya friji.

"Na mkutano," shemeji alisema, akiteremsha sauti ingawa tulikuwa wawili tu, "uko kwa mdogo wake. Hajakanyaga mlango ule mwaka wa tatu sasa."

"Waligombania nini?"

"Sakafu."

Mdogo wake Fundi alikuwa amemwomba amtandikie sakafu ya jiko lake jipya. Fundi akatandika. Baada ya wiki sita vigae vikaanza kuachia, kimoja, kisha vinne, kisha mstari mzima mbele ya sinki. Fundi alikwenda, akaangalia, akasema ni friji: wameisukuma juu ya kazi mbichi. Mdogo mtu akasema friji haikusogezwa. Fundi akasema basi sakafu ijieleze yenyewe. Maneno yakaongezeka, na mambo ya utotoni yakaletwa mezani, nani alipendwa na nani aliachiwa kazi za nyumbani. Tangu siku hiyo kila mmoja alimtumia mwenzake salamu kupitia kwa mjomba.

"Sasa mjomba ana miaka themanini," shemeji alisema. "Amechoka kuwa posta."

Fundi alirudi, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akabandika karatasi ya mapishi ukutani kwa utepe. Ilikuwa nakala ya mwandiko wa mama yao, aliyefariki miaka mingi nyuma, na kama mapishi mengi ya watu wanaojua kupika haikusema lolote la maana. Biskuti, lowesha kwa maziwa. Krimu. Matunda. Kastadi. Rudia. Lala nayo kwenye baridi.

"Muda gani?" alijiuliza. "Lowesha muda gani?"

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda kando ya dirisha, nikamuuliza yeye angelowesha muda gani. Alinitazama kwa huruma ambayo fundi humpa mtu wa ofisini.

"Kigae kikavu kina kiu, mgeni. Ukikiweka juu ya saruji kinakunywa maji yake yote, na saruji ikinywewa maji haishiki kitu. Kwa hiyo unakizamisha kwenye ndoo. Kinatoa mapovu. Mapovu yakiisha, kimeshiba, unatoa."

Akamimina maziwa kwenye beseni, akazamisha pakiti nzima ya biskuti, akainama juu yake. Mapovu yalitoka kweli, madogo, mfululizo. Tulisubiri. Shemeji akaondoka kwenda kuangalia kitu kisichokuwepo sebuleni. Mapovu yalipokoma, Fundi aliingiza vidole kuchukua biskuti ya kwanza, na vidole vikatoka na uji.

Hakulalamika. Alichota uji kwa kiganja, akaubonyeza, akaunusa, akausukuma pembeni, kama anayechunguza mchanganyiko uliotiwa maji mengi.

"Kumbe haina mfupa," alisema.

Safari ya pili hakulitumia bakuli kubwa. Alitengeneza kipande cha majaribio kwenye kisosi, maana kwenye kazi yake huanzi na sakafu ya mteja, unaanza na pembe. Safari hii biskuti zilikuwa kavu kabisa, krimu juu, kisosi ndani ya friji. Saa kumi na moja jioni alikitoa, akainamisha sikio, akagonga kwa ukucha. Nami niliruhusiwa kusikiliza. Kililia kama mlango wa chumba kitupu.

"Tupu chini," alisema. "Haijashikana na kitu. Ukimpa mtu hii, atavunja jino mbele ya wakwe."

Pakiti zilibaki mbili, na dukani zilikwisha. Nilimuuliza nani mwingine anajua keki ya mama yao. Nilidhani ni swali jepesi. Shemeji, aliyekuwa amerudi, alisoma upande wa nyuma wa boksi la kastadi kwa makini makubwa.

"Yupo mmoja," Fundi alisema mwishowe. "Mimi nilikuwa nakwenda saiti na baba. Yeye ndiye aliyekuwa anabaki jikoni."

Aliifuta meza ambayo ilikuwa safi. Akahamisha bakuli kutoka kulia kwenda kushoto. Kisha akamwambia mumewe ampigie namba na aiweke simu mezani kwa sauti ya juu, kwa sababu yeye mikono ina krimu. Mikono haikuwa na krimu.

Simu iliita mara nne.

"Haloo."

"Ni mimi."

"Naona jina. Mjomba anaumwa?"

"Mjomba mzima. Nauliza keki ya mama. Biskuti zinaloweshwa muda gani?"

"Wewe umezilowesha muda gani?"

Fundi alimtazama mumewe. Mumewe akatazama dari.

"Mpaka mapovu yakaisha."

Upande wa pili ilitoka sauti ambayo mwanzoni niliidhania kikohozi, kisha ikawa kicheko, cha mtu anayejaribu kukizuia na kushindwa.

"Dada. Umeziloweka kama vigae."

"Nimeziloweka kama vigae."

"Zikawaje?"

"Uji."

"Chovya, geuza, toa. Hesabu moja kila upande, basi. Mama alikuwa anahesabu kwa kugonga mguu, hukumbuki?"

"Sikuwepo. Nilikuwa nabeba ndoo za baba."

"Kweli. Hukuwepo." Sauti ilipungua ukali. "Unyevu mwingine unatoka kwenye krimu yenyewe, usiku kucha, taratibu. Usifungue kuichungulia, usiigonge. Nakujua. Ukiiharakisha inamwagika mbele za watu."

Fundi alikaa chini. Nilikuwa sijamwona amekaa tangu nilipofika.

"Sakafu yako niliiharakisha," alisema.

Akausugua ukingo wa meza kwa kidole gumba.

"Zege la chini lilikuwa bichi bado. Nililigusa, nikajua. Nilikuwa na kazi nyingine Jumatatu, hoteli, nikasema hii ni ya nyumbani, itavumilia. Friji yako haikuwa na kosa."

Kutoka upande wa pili tulisikia sahani ikiwekwa juu ya sahani, kisha nyingine.

"Miaka mitatu," mdogo wake alisema, "kila mgeni akiingia jikoni kwangu nimemwambia, hebu isukume friji hii, uone ilivyo nyepesi."

"Mjomba aliniambia."

"Mpaka fundi wa mabomba nimemsukumisha."

"Pole yake."

"Usicheke. Mimi ndiye wa kucheka." Bomba likafunguliwa, likafungwa. "Njoo saa nne, kabla ya watu. Nitakutolea nafasi kwenye friji. Na viatu uvue mlangoni, maana mbele ya sinki nimeweka zulia tu, na chini yake unakujua."

Simu ikakatika. Fundi alibaki anaitazama, halafu akasimama na kutufukuza sote mezani.

Niliruhusiwa kurudi kwa masharti ya kutogusa. Shemeji alipewa kazi ya kugonga mguu, na kwa kila kishindo biskuti moja ilichovywa, ikageuzwa, ikatolewa. Fundi alizipanga kwenye bakuli la kioo zikiwa zimeachana kidogo, akitumia vimisalaba vya plastiki vya kutenganisha vigae, vilivyochemshwa. Niliuliza kwa nini asizibananishe. "Kila kitu kinavimba," alisema. "Kisipopewa nafasi kinajiinua." Vimisalaba kumi na viwili viliingia, kumi na viwili vikatoka, yeye alihesabu mara mbili, shemeji mara tatu. Krimu aliitandaza kwa mwiko mpya wa vigae, wenye meno, akiacha mifereji, ili tabaka la juu likikandamizwa hewa ipate pa kutokea. Kisha stroberi zilizokatwa, kastadi, biskuti tena. Matabaka yalisimama nyuma ya kioo kama mistari ya daftari. Akaliingiza bakuli kwenye friji, ambayo sasa mguu wake mmoja ulikuwa juu ya kipande cha mbao, akafunga.

Asubuhi nilimkuta amevaa gauni lililopigwa pasi, bakuli limeshafunikwa na kuwekwa ndani ya kreti ya mbao, taulo pande zote. Shemeji alikuwa bado na nguo za kulalia. Yeye aliambiwa aje mchana pamoja na wengine. Nilijitolea kumsaidia kubeba mpaka huko. Nilikuwa nataka sana kuliona jiko lile, na nadhani ilionekana usoni.

"Hapana, wewe baki," alisema. "Nikiingia na mgeni, mdogo wangu ataniwekea adabu za wageni. Leo sitaki aniwekee adabu."

Nilimfungulia mlango. Alisimama kidogo kizingitini na kreti kifuani, na mkono wake wa kulia ukapanda mpaka kwenye ukingo wa kifuniko, kidole kimekunjwa tayari kugonga. Shemeji alikuwa ameniambia kwamba katika maisha yake hajawahi kumkabidhi mtu kazi bila kuigonga kwanza, kigae kwa kigae. Kidole kilikaa hewani. Kisha akakishusha, akaishika kreti vizuri kwa mikono miwili, na akaanza kushuka ngazi, polepole, akipita ukutani.

Tulimsikiliza mpaka mlango wa chini ukafungwa.

"Unadhani imeshika?" nilimuuliza shemeji.

"Hata yeye hajui," alisema, akaenda kuchemsha maji ya chai.