Kalenda Yenye Mdomo

Ofisini wanamwita Mama Kabati, kwa sababu kila kipande cha programu alichowahi kuandika kikafanya kazi amekihifadhi kwenye folda aliyoipa jina hilo. Ukimwambia unaanza kuandika kitu kipya, anakukatiza: “Kabati umelifungua?” Akipata kinachofaa, hugonga meza mara mbili kwa kidole, kama anayebisha hodi, ndipo abonyeze. Asubuhi hiyo zimebaki dakika arobaini wawaonyeshe wateja mfumo wa miadi ya hospitali, na kalenda imegoma. Mama Kabati anachomoa nyingine, aliyoiandika miaka sita nyuma kwa ajili ya tiketi za mabasi. Ko, ko. Inakubali! Dada mjaribu, ambaye kazi yake ni kuwinda makosa, ameshainuka kushangilia anaposoma ujumbe ambao kalenda imemtumia mgonjwa wa majaribio: “Upasuaji wako ni Jumanne saa mbili. Tunakutakia safari njema.”

“Shoga, unamzika mtu hajalazwa bado!” anamwambia Mama Kabati. Watu wanavunjika mbavu. Mama Kabati yeye ameruka kitini, macho yanang’aa kama aliyeokota dhahabu. “Nimeiona! Kalenda haina kosa, kosa ni langu, niliiachia mdomo. Yenyewe ihesabu siku tu, maneno ipewe na mwenye nyumba, mfumo unaoitumia!” Anaifuta sentensi. Ko, ko.

“Sasa mgonjwa tumwambie nini?” anauliza dada mjaribu, akijifuta machozi ya kicheko.

“Kamuulize daktari,” anajibu Mama Kabati, huku akiirudisha kalenda kabatini, bubu, tayari kwa nyumba yoyote.