Siku Niliyofunga Feri Nyuma ya Pikapu

Jamani, acheni nijicheke mwenyewe kwanza kabla hamjanicheka nyinyi, maana aibu hii nimetembea nayo miaka na mikaka na bado haijaisha makali. Mpaka leo nikipita Kilifi wapo wauza korosho, sasa wazee wenye mvi, ambao jina langu la Omari hawalijui wala hawana haja nalo, wakiniona tu wananiuliza, "Ala! Bado uko?" halafu wanashikana mbavu kwa kicheko, na mimi nacheka nao kidogo kwa adabu, maana nitasema nini?

Chanzo ni kulabu. Zama hizo za miaka ya themanini daraja la Kilifi lilikuwa halijajengwa, ukitoka Malindi kwenda upande wa Mombasa huna budi kuvuka maji kwa feri, unapandia Kilifi unashukia Mnarani. Mimi nilikuwa kijana mwenye pikapu kuukuu ya kubebea mizigo ya sokoni, na nilikuwa nimeposa huko ng'ambo, Takaungu, kwa Mzee Abubakari, baba yake Mwanakombo. Mzee ana shamba la mikorosho na ana maneno machache. Hakukataa na hakukubali, alisema tu, "Trela ninayo, trekta langu limekufa. Wewe wasema una gari. Basi Jumamosi njoo unipelekee magunia yangu ya korosho kiwandani Kilifi, halafu tutazungumza hayo mengine." Nilitoka pale nikijua kwamba Mwanakombo amekaa juu ya yale magunia.

Sasa pikapu yangu haikuwa na pa kufungia trela. Nikaenda kwa Fundi Karisa, jirani yetu pale Malindi, mchomeleaji hodari wa mageti na madirisha (ndiyo, mageti na madirisha, hapo ndipo ningeshtuka). Nyuma ya karakana yake kulikuwa na rundo la vyuma chakavu, na ndani ya rundo mna vitu viwili vya kuvutia trela. Kimoja kilikuwa kidogo, kichwa chake duara kama ndimu, na matundu yake ya skrubu yalilingana sawasawa na matundu yaliyokuwepo tayari chini ya gari langu. Cha pili kilikuwa kulabu kubwa la lori la mashamba ya katani, zito kubebwa na mtu mmoja, lina taya ya juu yenye springi, kitu kikiingia tu taya inajifunga yenyewe, na kando lina mpini wa kuinua ukitaka kulifungua.

Mtu mwenye akili angechukua ndimu. Lakini mimi nilimwona akilini Mzee Abubakari akiinama kuitazama ile ndimu kisha akimtazama Mwanakombo, nikaona haya kabla hata ya kufika. Nikasema, "Karisa, niwekee lile kubwa." Karisa badala ya kunizuia alifurahi kuliko mimi, maana alikuwa amechoka na mageti. "Bwana Omari," alisema huku akilipiga kofi lile kulabu, "hili likishika haliachii mpaka Kiyama!"

Kwa vile halikuenea mahali pake, akalichomelea chini ya bampa, likaning'inia nusura liguse ardhi. Kisha tukalijaribu. Karisa akasukuma kipande cha bomba mdomoni mwake, taya ikajifunga, KWAP! Watu waliokuwa wanapita wakapiga makofi, kinyozi akatoka na mteja wake ana povu shavuni, Karisa akalichomoa bomba kwa ubavuni kama mganga anayetoa nyoka kapuni, makofi tena. Katika furaha yote ile hakuna aliyeushika ule mpini akauinua. Mamangu peke yake, nilipofika nyumbani, alilitazama akaniuliza, "Mwanangu, gari limeota mkia, na huo mkia utapita nao wapi?" Nikamwambia, "Mama, haya ni mambo ya vyuma." (Mama, popote ulipo, nisamehe.)

Jumamosi nikavaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, kofia ya kushona, mafuta ya udi nyuma ya masikio, nikashika njia. Kila kwenye bonde kulabu lilikwaruza lami nyuma yangu, na pale Matsangoni watoto walikimbia nyuma wakishangilia cheche, mimi nikawapungia mkono nikidhani wananipenda.

Feri ya Kilifi mlangoni pake palikuwa na mnyororo mnene wa kuzuia magari yasije yakateleza majini, na mkifika ng'ambo mabaharia wanaushusha kutoka kwenye vishikio vya nguzoni, unalala chini, magari yanapita juu yake. Magari yote ya mbele yangu yalipita. Mimi nilipofika pale, mbele ya gari ikaanza kupanda mteremko wa Mnarani na nyuma ikainama, nikasikia sauti ambayo nilikuwa naifahamu vizuri sana. KWAP.

Sikuelewa. Niliona gari zito, nikasema ni mlima, nikakanyaga mafuta. Gari likanguruma, moshi ukajaa, nyuma yangu basi la abiria likapiga honi, nikakanyaga zaidi, ndipo akanijia mbio serangi, mkubwa wa mabaharia, mtu wa miraba minne mwenye sauti ya adhana, akapiga bodi ya gari kwa kiganja.

"Wee! Waipeleka wapi feri ya watu?"

Nikashuka nikatazama. Mnyororo wa serikali ulikuwa umo ndani ya taya ya kulabu langu. Nilikuwa nimetoka Malindi kwenda kuchukua trela, na trela niliyofunga ni feri nzima na basi lake na kuku wake na abiria wake wote.

Nikasema si neno, hili lina mpini. Nikaushika mpini nikauinua, ukapanda kidogo tu, ukagonga bampa, basi. Karisa alikuwa amelichomelea kulabu karibu mno na bampa na mpini haukuwa na pa kwendea. Tulijaribu kufunga, hatukujaribu kufungua! Tukavuta, tukapiga nyundo, dereva wa basi akajaribu, abiria mmoja akasoma dua, wapi. Na ule mnyororo ncha zake zilichomelewa kwenye nguzo za feri huku na huku, kwa hiyo hata kuuchomoa kwa ubavuni kama lile bomba haikuwezekana.

"Ukateni mnyororo," nilisema kwa sauti ndogo.

"Mnyororo wa serikali," alijibu serangi. "Kulabu lako. Kitakachokatwa hapa ni chako."

Msumeno wa chuma haukuwepo. Mtu akatumwa mjini Kilifi akamtafute fundi, na foleni pande zote mbili ilikuwa inarefuka na watu wanatukana, basi mabaharia wakanisukuma nikarudi nyuma ndani ya feri, wakaniegesha ubavuni pamoja na mnyororo wangu, mlangoni wakafunga kamba, na feri ikaondoka. Na mimi nimo.

Basi nikawa wa kwenda na kurudi. Feri ikifika Kilifi wote wanashuka mimi nabaki, ikifika Mnarani wote wanashuka mimi nabaki. Wauza korosho mara ya kwanza waliniuzia, baadaye wakawa wananipa bure, "Chukua ndugu, bado uko?" Mama mmoja aliyekwenda Kilifi hospitali akarudi akanikuta, akanisikitikia mimi kuliko mgonjwa wake. Habari ikaja kwamba fundi mwenye msumeno yuko mazishini Vitengeni na atarudi baadaye. Kanzu ilikuwa imeshachapwa na maji ya chumvi. Nilimfikiria Mwanakombo na yale magunia, na nawaambia kweli, nilitamani kulia.

Tulipogusa Mnarani tena, nani anapanda? Mzee Abubakari mwenyewe, na bakora yake, anakwenda Kilifi kutafuta lori baada ya kuningoja mpaka akachoka. Nikajilaza kwenye kiti nikajifunika shuka. Haikufaa kitu.

"Omari?"

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Nimekungoja tangu asubuhi. Wafanya nini hapa?"

Hapo ningesema kweli yangeisha. Lakini ulimi wangu, sijui ulitumwa na nani, ukasema, "Ami, niwie radhi, nimepata kazi ya serikali. Nimeanza leo leo. Nimewekwa hapa feri, nasimamia minyororo."

Uso wa mzee ukakunjuka. "Kazi ya serikali! Alhamdulillahi. Sasa si ungeleta salamu, mwanangu?" Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniombea dua mpaka tukafika Kilifi, na mimi naitikia amina huku nimeuegemea mnyororo kama mtu aliye kazini.

Nikadhani nimepona. Baadaye kidogo feri ikiwa Kilifi namwona mzee anakuja kwa miguu, anatabasamu, ananionyesha mwisho wa foleni, mbali kabisa. "Mkwe wangu," (aliniita mkwe! mara ya kwanza!) "lori nimelipata, lile pale. Jua lanikimbia na kiwanda kitafungwa. Wewe ndiwe mwenye pahala hapa, hebu litangulize."

Ningefanya nini? Nikaweka mikono nyuma kama wakubwa wanavyofanya, nikamwita serangi. "Serangi, lori lile la mwisho lipite mbele."

Serangi akanitazama, akamtazama mzee, akatazama tena kanzu yangu. Kisha akasema kwa ile sauti yake, ng'ambo wakasikia, "Wewe kutoka mwenyewe huwezi, tangu asubuhi umenaswa na mnyororo wangu, utamtangulizaje mtu mwingine?"

Feri yote ikaangua kicheko. Wauza korosho wakatupa vikapu chini. Mimi nilitazama maji, na wallahi nilipima kama ningeweza kuogelea na kanzu.

Mzee hakucheka. Alizunguka nyuma ya pikapu, akajikunja taratibu kwa bakora yake, akalitazama kulabu, akaujaribu mpini, ukagonga bampa, tk. Akaujaribu tena. Akasimama, akajifuta mikono.

"Mbona hukunambia?"

"Niliona haya, ami. Nilitaka unione mtu wa maana."

Akaegemea bakora yake. Kisha akasema, "Korosho zangu nimempa mwenye lori. Binti yangu sijampa mtu. Ukifunguka, njoo."

Akashuka kwenda kungoja foleni na watu wengine.

Fundi alikuja jua likizama, akavunja meno ya msumeno kwanza, kisha akalikata kulabu shingoni. Kichwa chake hakuna aliyeweza kukitoa, kikabaki kimeung'ata mnyororo wa feri miaka yote mpaka daraja lilipojengwa, na kila tulipovuka mke wangu alikuwa akikisalimu.

Ndiyo, mke wangu. Jioni ile ile nilipiga hodi Takaungu, kanzu nyeusi kwa grisi, na harufu yote ya feri. Mzee akafungua mlango, akanitazama, akanyoosha shingo kutazama nyuma ya pikapu, akaona hapana kitu. "Umefunguka?"

"Nimefunguka, ami."

"Karibu ndani."

Tangu siku hiyo, iwe kufuli, iwe sanduku, iwe kopo la samli, sinunui kitu kinachofungika mpaka nikifungue mwenyewe mbele ya muuzaji, mara kadhaa, na wenye maduka ya Malindi wakiniona naingia wanaguna. Uongo kwa mkwe nimeapa sirudii, na sikurudia. Lakini yeye hakusahau. Siku ya harusi alinishika bega mbele ya wageni wote, akanitambulisha kwa fahari kabisa: "Huyu ndiye mkwe wangu Omari. Amewahi kufanya kazi ya serikali, siku moja."