Bi Mwanapili na Santuri Isiyo na Mtu Ndani

Siku hizi kila mtu wa Mji Mkongwe anatembea na muziki wake masikioni, akiumeza peke yake kama mgonjwa anavyomeza dawa, lakini mwaka wa hamsini na tano pale kwetu Malindi, ndani ya mji huo huo, tulikuwa na gramafoni moja mtaa mzima, na kuchagua santuri kulikuwa ni kusema na watu.

Gramafoni hiyo ilikuwa ya Borafya. Alikuwa Mtumbatu, mpana wa mabega, mpole wa sauti, aliyekuja mjini akiwa kijana kufanya kazi ya uhamali gatini, zinapofunga meli. Kutwa alibeba magunia ya karafuu na mbata, lakini Jumapili baada ya sala ya alasiri alivaa kanzu safi, akaitoa gramafoni yake barazani, akazipangusa santuri moja moja kwa kipande cha bafta. Aliishika santuri kingoni tu, kwa viganja, kama mtu anayemshika mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Wanaume tulikaa barazani. Wanawake walikuwa juu, nyuma ya madirisha, na wao ndio waliochagua. Kila nyumba iliteremsha kikapu kwa kamba, kile kile cha kununulia samaki na mboga asubuhi. Wengi hawakusoma maandishi ya santuri, kwa hiyo kila wimbo ulikuwa na alama yake. Asumini ndani ya kikapu ilikuwa wimbo wa mapenzi. Ndimu ilikuwa wimbo wa kumchoma jirani. Karafuu ilikuwa wimbo wa subira. Kikapu cha ndimu kikishuka, mtaa wote ulijua nani kakasirika, na kabla wimbo haujamalizika kikapu cha pili kilikuwa kishashuka na ndimu mbili. Hakuna aliyetukanwa kwa mdomo. Watu waligombana kwa adabu, na kesho yake walipelekeana sahani za vyakula. Leo watu wanatukanana katika simu kwa majina yao kamili, halafu wananiambia kuwa wamestaarabika.

Katika santuri zote ilikuwapo moja isiyokuwa na mwimbaji. Borafya aliinunua kwa baharia wa meli ya Ulaya, karatasi yake ya katikati imechanika, hata jina lake hatukulijua. Kinanda cha kifuani kilianza peke yake, taratibu, kikafuatwa na zumari, halafu vikaenda pamoja kama watu wawili wanaopishana katika uchochoro, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi. Nasikia huko kwao mwaka ule ilipigwa kila mahali. Kwetu ilichekwa. Machano muuza kahawa alisema huo ni wimbo usio na mtu ndani, na jina likakaa. Watu waliuliza, sasa mtu akiuchagua atakuwa anamwambia nani, na anamwambia nini? Haukuwa na alama yoyote. Borafya akasema kwa utani kwamba anayeutaka na ateremshe kikapu kitupu.

Miezi mitatu hakuteremsha mtu. Borafya aliipiga mwenyewe mwishoni, watu wakianza kuondoka, akiinamisha kichwa. Nilimwuliza kwa nini anaipenda. Akaniambia, nyimbo nyingine zote zinamwambia ahuzunike wapi na afurahi wapi, hii inamwacha.

Halafu Jumapili moja kikapu kitupu kikashuka kutoka nyumba ya Bi Mwanapili.

Bi Mwanapili alikuwa mjane wa miaka thelathini na kidogo. Mumewe, Msabah, alikuwa serehangi, msimamizi wa mabaharia wa meli, akafia Bombay kwa homa, na habari ilifika baada ya miezi miwili. Alipotoka eda alirudi kushona kofia kwa ajili ya duka moja la Darajani, na hakusikika. Kabla ya kikapu kitupu, kila wimbo aliouchagua ulifasiriwa. Akiweka karafuu, walisema bado anamlilia Msabah. Akiweka asumini, walisema keshamsahau. Tangu siku ile ya kikapu kitupu hakuchagua kingine, Jumapili baada ya Jumapili, na wafasiri wa mtaa walikosa pa kushika. Lakini Borafya nilimwona anaweka sindano mpya kila inapofika zamu ya nyumba ile.

Baada ya mwaka akamtuma Bi Kidawa kuposa. Bi Kidawa alikuwa bibi wa makamo aliyeingia kila nyumba pale Malindi, na ndiye aliyeniozesha mimi pia baadaye. Alikwenda, akarudi na jawabu la ajabu. Bi Mwanapili amesema Borafya asubiri Jumapili. Jawabu lake ataliona kwenye kikapu.

Zaidi ya mwenyewe, tulilijua hilo watu watatu tu: Borafya, Bi Kidawa na mimi. Mimi nilijua kwa sababu Borafya aliniheshimu kwa elimu, na hapa ndipo penye aibu yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nikipima vitambaa katika duka la Mhindi. Skuli niliiacha mapema baba alipokufa. Nilichokijua nilikiokota mwenyewe, katika magazeti ya kufungia bidhaa na katika kitabu cha fikihi nilichopewa kikiwa hakina jalada wala kurasa za mwisho. Nilikihifadhi ukurasa kwa ukurasa, na sikumpumzisha mtu kwa kumtolea hukumu zake.

Jumapili ikafika. Borafya alikuwa amekatwa nywele. Vikapu vikashuka, asumini, ndimu, vicheko. Kikapu cha Bi Mwanapili kilikuwa cha mwisho, kikaja polepole, kikagusa baraza. Borafya akakiinamia. Kilikuwa kitupu.

Akaipiga santuri, mpaka mwisho. Kisha akafunga kisanduku, akanivuta pembeni na kuniuliza nini maana yake. Kitupu kama siku zote ni ndiyo, au ni kwamba hana la kunambia?

Ningemwambia akamuulize Bi Kidawa. Lakini nilikuwa na kitabu. Nikamwambia sheria iko wazi: mwanamwali idhini yake ni kunyamaza kwake, lakini mwanamke aliyewahi kuolewa lazima aseme kwa ulimi wake. Bi Mwanapili ni mjane, amenyamaza, basi hakukubali. Ni mwanamke wa heshima, nikaongeza, kakukataa bila ya kukuvunjia uso.

Alinisikiliza kwa makini, kama mtu anayeandikiwa dawa. Akasema, "Ahsante, ndugu yangu. Ni kheri nimejua." Kesho yake aliomba ruhusa gatini, akaenda kwao kisiwani Tumbatu.

Jumapili iliyofuata baraza ilikuwa kimya, na ya pili. Vikapu havikushuka. Machano alisema Mtumbatu kaenda kutafuta mke wa kwao, maana wale hawaozi nje wala hawaoi nje, na watu wakacheka. Nami nilicheka kidogo, Mungu anisamehe.

Siku ya kumi na saba Bi Kidawa alikuja dukani, hakununua kitu, akanambia nnaitwa. Nilimfuata mpaka nyumba ya Bi Mwanapili. Nikasimama ukumbini, Bi Kidawa akakaa kwenye kigoda kati yetu, na Bi Mwanapili akasimama nyuma ya mlango uliorudishwa nusu. Niliona ncha ya kanga yake tu.

Nikamwamkia.

"Marahaba. Ndiye wewe mwanachuoni?"

"Mimi si mwanachuoni, Bi Mwanapili."

"Hilo nshaliona."

Bi Kidawa alikohoa kuzuia kicheko. Bi Mwanapili akasema alituona kutoka dirishani tukinong'ona Jumapili ile, akaniuliza nilimwambia nini yule mtu. Nikamweleza, na nilipokuwa nikieleza niliisikia hukumu yangu mwenyewe ikipungua, neno kwa neno. Kisha akasema bila hasira, na hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwamba mtaa mzima una nyimbo za watu wengine za kumwambia mtu nnakupenda, na kila moja ishatumiwa na kila mtu. Yeye na Borafya walikuwa na moja tu iliyokuwa yao, ambayo hakuna mtu aliyeitia mkono. Alidhani kumpa hiyo ni kumpa jawabu kubwa kuliko yote. Alidhani mtu aliyeipenda kabla yake angelijua.

"Na angelijua," akasema. "Kama asingekuuliza wewe."

Nikasikia anausogeza mlango, sauti yake ikawa karibu zaidi.

"Basi kitabu chako kinataka mjane aseme. Nasema. Nnataka anioe. Bi Kidawa shahidi. Umesikia, au nirudie?"

"Nimesikia."

"Basi nenda kamwambie. Na usimfasirie."

Siku ya pili nilidanganya dukani kuwa nnaumwa, nikapanda basi la Mkokotoni, nikavuka kwenda Tumbatu. Borafya nilimkuta juu ya paa la mama yake, anafunga makuti. Alifikiri nimeleta habari ya msiba. Nikamwambia ashuke. Akaniambia niseme huko huko.

"Amesema," nikamwambia.

"Nani kasema?"

"Bi Mwanapili. Kasema kwa ulimi wake."

Mkono wake ukasimama kwenye kamba. Akauliza kasema nini hasa, nisipunguze wala nisizidishe. Nikamwambia maneno mawili yale yale: nnataka anioe. Akanitaka nirudie. Nikarudia. Akauliza kwa sauti gani. Nikasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kungoja. Hapo akageuza uso upande wa kisusi cha paa, akakaa hivyo kwa muda, na mimi nikatazama chini nikajitia kukung'uta mchanga miguuni. Kisha akamalizia kufunga safu ile ya makuti, maana mama yake asingelala na tundu juu ya kichwa, na jioni tukaondoka pamoja.

Walioana mfungo tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani, kwa watu wachache. Shekhe alipomtuma wakili wake kumwuliza Bi Mwanapili, wanawake wa ndani walisema alijibu kabla swali halijakwisha. Nyumba yao ya Malindi leo ni hoteli, na wageni hulipa fedha nyingi kulala katika chumba alichoshonea kofia. Hakuna anayeteremsha kitu dirishani. Madirisha yametiwa vioo.

Mara ya mwisho niliwaona mwaka wa hamsini na nane, gatini, asubuhi waliyohamia Dar es Salaam. Borafya alikuwa amepata kazi ya unyapara bandarini huko. Yeye, aliyebeba mizigo ya watu miaka kumi na tano, siku ile aliwalipa mahamali wenziwe wabebe yake, na alisimama mikono mitupu hajui aiweke wapi. Bi Mwanapili ndani ya buibui lake alikuwa akizungumza. Godoro lisiwekwe chini, pana maji. Kapu la vyombo liende juu. Borafya ana kikohozi, asikae upande wa upepo. Hakunyamaza hata wakati wa kuniaga. Alinambia nimsalimie mke wangu, nisome kidogo na nisikilize zaidi, kisha akaendelea na habari ya godoro. Borafya aliitika naam, naam, kwa kila neno, akinitazama juu ya kichwa cha mkewe kwa uso wa mtu aliyeshiba, mpaka wakapanda ngazi ya meli, mke mbele akisema, naye nyuma akimsikiliza.