Aliyeshika Simu

Hebu mtazame anavyoingia. Mlango wa zahanati ni mwembamba, kuta zimepakwa rangi ya kijani hadi kiunoni, naye anapita ubavuubavu, mkono wa kulia ameuficha kwenye mfuko wa koti kama aliyebeba yai. Mrefu, kola imepigwa pasi. Nyuma yake yuko mdogo wake, mnene kidogo, anatafuna chingamu, viatu vyeupe visivyojua matope. Wa mbele anatabasamu. Lile tabasamu ndilo nataka uliangalie, maana si la furaha. Amekuja kutafuta dawa, sikatai. Lakini kwanza amekuja kulipiza kisasi.

Watu walimwita Manyoya. Kazi yake ni unyozi, na jina alilipata kwa wepesi wa mkono. Ulikaa kwenye kiti chake, ukafumba macho, ukifumbua ndevu zimekwisha na hukumbuki wembe ulipita saa ngapi. Wengine walilala na kukoroma humohumo. Duka waliachiwa na baba yao, yeye na huyo mdogo wake, ambaye mtaa mzima unamwita Dogo ingawa watoto wake wenyewe wanaota ndevu. Viti vilikuwa viwili. Cha mlangoni, penye mwanga, kilikuwa cha Manyoya. Cha ndani, karibu na ndoo ya maji, kilikuwa cha Dogo, ambaye alikuwa ameachana na wembe zamani, ananyoa kwa mashine tu. "Wembe mambo ya wazee," alikuwa akisema.

Kisha mkono wa Manyoya ukaanza kutetemeka. Ukiulaza pajani, unatulia. Unangoja auinue, ashike kitu, akisogeze kwenye kidevu cha mtu, ndipo unaanza vituko vyake. Akadhani ni uchovu. Akajaribu kulala mapema, wapi. Siku moja akamkwaruza mzee mmoja wa heshima chini ya sikio, tone la damu likadondoka kwenye kitambaa cheupe. Kabla hajapata la kusema, sauti ikatoka kiti cha ndani.

"Msameheni kaka. Siku hizi anaamkia chupa."

Benchi zima likacheka. Na Manyoya, nikwambie, hajawahi kuonja pombe maishani. Hata dawa ya kikohozi anainusa kwanza.

Lakini neno likishatoka dukani halirudi. Likaenda sokoni, likamkuta mkewe kwenye foleni ya maji. Wateja wakahamia kiti cha ndani mmoja mmoja, wengine bila hata kumtazama usoni. Mwishowe Dogo akamwambia kwa upole, "Kaka, watu wanaogopa. Ngoja mimi nikae mlangoni kwa muda." Huo muda haukuisha. Manyoya akawa mtu wa kufagia nywele za watu aliokuwa akiwanyoa yeye.

Usidhani alinyamaza kwa upole. Kinyongo alikilea, akakilisha. Kila asubuhi, ufagio mkononi, alimtazama Dogo kwenye kioo na kutunga maneno atakayomwambia siku moja. Anayapunguza, anayanoa, kesho yake anayanoa tena.

Siku yenyewe ililetwa na muuguzi wa zahanati, ambaye nywele za mwanawe zilikuwa zikinyolewa pale dukani. Aliona ule mkono ukihangaika na ufagio, akasema yuko daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, huko mji mkuu, anayewaona wagonjwa kwa video kupitia simu ya zahanati. Safari haihitajiki. Ila mgonjwa aje na ndugu wa kushika simu, kwa sababu yeye muuguzi anatakiwa awe karibu na mgonjwa anapotembea, asije akaanguka.

"Nitashika mimi," mkewe akasema jioni ile.

"Hapana. Namtaka Dogo."

"Dogo? Huyo aliyekuvua nguo mbele za watu?"

"Huyohuyo. Yeye alisema, basi na yeye asikie."

Mkewe akaendelea kukunja nguo. Halafu akasema, "Na mimi nakuja. Sitashika kitu. Nitaangalia sura yake tu."

Manyoya akacheka, na ulikuwa muda mrefu hajacheka.

Sasa turudi pale mlangoni. Chumba chenyewe kina meza, kitanda cha kupimia, mizani na dirisha moja. Mkewe alikaa pembeni, mkoba mapajani, macho kwa shemeji yake. Muuguzi akampa Dogo simu, akamwonyesha pa kusimama. Mtandao ukazunguka, ukakwama, ukazunguka tena, kisha akatokea mama mwenye miwani.

"Habari zenu. Mzee wangu, laza mikono mapajani. Wewe uliyeshika simu, nionyeshe mikono yake, siyo uso. Vizuri. Sasa, mzee, inyooshe mbele. Gusa pua yako, halafu gusa kidole cha sista."

Mikono ilipolala ilitulia. Ilipoinuka ikaanza. Kidole kilipokaribia cha muuguzi kikacheza zaidi, kikapita pembeni. Akapewa kalamu achore duara linalojizungusha kama gamba la konokono, likatoka na meno kama msumeno. Akatembezwa hadi mlangoni, akageuka vizuri, bila shida yoyote.

"Nina swali la kawaida," daktari akasema. "Kwa baadhi ya watu, wakinywa pombe kidogo mtetemo hupungua. Wewe je?"

Dogo akabana kicheko puani. Mkewe Manyoya akausogeza mkoba, na nadhani kama si muuguzi pale, ungeruka.

"Sijawahi kuonja, daktari," Manyoya akajibu polepole. "Mdogo wangu huyo hapo anaweza kukuthibitishia. Dogo, mwambie."

"Ni kweli," Dogo akasema. "Hanywi."

Lile neno Manyoya alilipokea kama mshahara. Lakini daktari alikuwa na lake.

"Na nyumbani kwenu? Baba, mama, kuna aliyekuwa hivi?"

"Baba. Alikuwa anashika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Sisi tulisema ni uzee."

"Sawa. Samahani, picha inatikisika sana, siwezi kutofautisha mkono na simu. Sista, hebu iegemezeni kwenye kitu."

Muuguzi akaiegemeza simu kwenye maboksi ya glavu. Picha ikasimama kimya. Mikono ya Manyoya ikaonekana ikicheza peke yake, na kila kitu kingine kimetulia.

Daktari akaeleza taratibu. Ni mtetemo wa kurithi, siyo ulevi, siyo laana. Hauondoki, ila unaweza kutulizwa. Akauliza kama ana pumu, akamwambia muuguzi apime presha na mapigo ya moyo, akataja dawa isiyo ghali ambayo hata wenye presha wanaitumia. Kisha akavua miwani.

"Nani alikuwa ameshika simu?"

"Mdogo wake," muuguzi akasema.

"Naomba akae hapo nimwone kidogo."

"Mimi mzima, daktari," Dogo akasema. "Nimemsindikiza tu."

"Kaa, shemeji," mkewe Manyoya akasema, kwa sauti tamu kuliko asali. "Kuonwa ni bure."

Akakaa. Muuguzi akampa vikombe viwili, kimoja kina maji, amimine hiki kwenda kile. Maji yakaenda kwenye viatu vyeupe.

Nje, chini ya paa la bati, Manyoya akamsimamisha.

"Tangu lini?"

"Kaka, tuongelee nyumbani."

"Nakuuliza tangu lini."

Dogo akatema chingamu. "Kabla hujamkata yule mzee."

"Ndiyo maana uliacha wembe."

"Niliogopa. Nikasema wakikuangalia wewe, mikono yangu hawataitazama."

Manyoya alihisi yale maneno yake aliyoyanoa muda wote ule yamekuwa butu. Hili lilikuwa kubwa kuliko alilojiandaa nalo. "Jumamosi," akasema, "benchi likijaa, utawaambia kwa mdomo wako kwamba kaka yako si mlevi, ni mgonjwa."

"Na mimi? Utawaambia?"

"Hilo nitaliamua nikishakusikia."

Jumamosi ikafika. Benchi likajaa hadi watu wakasimama. Dogo alinyoa kwa mashine, akaongea mpira, akaongea bei ya sukari. Manyoya alifagia. Dawa ilikuwa imeanza kumtuliza kidogo, ufagio ulimtii. Akangoja. Ndipo mteja mmoja akapaza sauti, "Manyoya, leo umeamkia ngapi?" Benchi likacheka. Na Dogo, mbele ya kaka yake, akacheka pia.

Manyoya akauegemeza ufagio ukutani. Akaenda kwenye kiti cha mlangoni, kiti chake, akakaa, akajifunika kitambaa hadi shingoni.

"Dogo, ninyoe ndevu."

Dogo akachukua mashine.

"Wembe," Manyoya akasema. "Ule wa baba."

"Kaka, mashine ni safi zaidi."

"Watu wanasubiri, Dogo."

Benchi likanyamaza, si kwa hofu, kwa udadisi tu. Dogo akaufungua wembe. Mgongo wake mpana ulikuwa umewaziba wote, hakuna aliyeona kitu. Lakini Manyoya aliona kwenye kioo: mwanga wa mlangoni ukirukaruka kwenye chuma, wembe ukisogea kwenye shingo yake.

"Nitakukata," Dogo akanong'ona.

"Basi sema."

Dogo akageuka kulitazama benchi, kisha akausogeza wembe tena. Chini ya kitambaa mikono ya Manyoya ilikuwa imelala mapajani, imetulia tuli. Na ulimini alikuwa nayo sentensi, haikuhitaji kunolewa zaidi, ilikuwa tayari tangu siku ile ya tone la damu: Msameheni mdogo wangu, siku hizi anaamkia chupa.

Sasa nikuulize wewe uliyekaa nami hadi hapa. Kiti ni chako, shingo ni yako, benchi zima linasikiliza, na aliye nyuma yako ni mtoto wa mama yako. Ungeisema?