Chai ya Kombe

Tangawizi ikichemka jikoni kwangu, narudi mtaani Oli, jioni ile timu yetu ilipotwaa ubingwa kwa mara ya kwanza. Wanaume walitaka kulijaza kombe pombe ya mahindi. Mama akalikumbatia kifuani.

“Golikipa yetu iko Muislamu,” alisema. “Kombe hii, watu yote atakunywa. Kama si hivyo, hakuna mutu atakunywa.”

Walinung'unika, wakambembeleza, hakuliachia. Mwisho akamimina chai ya tangawizi, akaanza na golikipa, kisha kombe likazunguka kwa mashabiki. Liliponifikia, vilibaki vipande vya tangawizi tu, vya moto, vyenye ladha ya bati. Nilivitafuna vyote huku machozi yakinitoka, nisiteme hata kimoja.

Mpaka leo chai yangu siichuji.